Punda Wawili wa Mzee Mwaringa

Tononoka, Mombasa
Jumapili, 14 Januari 2024

Kwako Mwalimu Karisa Mwaringa, Mariakani.

Ndugu yangu,

Usidondoshe miwani. Ni mimi Kazungu, kaka yako, na kalamu nimeishika kwa mkono wangu, sikuandikiwa na mtu. Natumai karatasi hii itawakuta wazima, wewe na mkeo Loise na wote wa hapo nyumbani. Huku tu wazima. Mwanangu Naomi anashona sare za shule, na mwezi huu cherehani yake hailali. Mimi siumwi na kitu ila goti la kushoto, nalo linauma kwa kukaa, si kwa kazi.

Najua utauliza. Mwaka themanini na nane niliapa mbele ya wazee kwamba sauti yako sitaisikia tena mpaka nife. Sijaisikia. Mimi nikiapa nimeapa. Lakini jambo hili nimeliwaza sana: niliapa juu ya sauti, na karatasi haina sauti. Kwa hivyo sijavunja kitu, nawe usije ukatangaza kanisani kwamba Kazungu amevunja.

Barua hii nampa Loise akija mwisho wa mwezi na mikeka yake. Wanawake hawakuapa. Miaka yote hii yeye na Naomi wanapikiana na kucheka, mimi naingia chumbani nangoja amalize.

Sasa sikiza. Nimeingia chuo.

Ndiyo, chuo. Kiko mbali huko bara, sijakiona wala sitakiona. Wao hutuma daftari kwa posta, wewe wasoma, wajibu maswali, warudisha, na mwalimu wao asahihisha kwa wino mwekundu. Madaftari ni manne, na mwisho wake ni cheti. Somo ni farasi na punda: kuwalisha, kwato zao, maradhi yao. Naomi aliniuliza, "Baba, una miaka sabini na minne, punda huna, farasi hujamgusa hata mmoja. Hicho cheti utakipeleka wapi?" Nikamwambia, "Ukutani."

Kusoma nilijifunza darasa la ngumbaru pale Majengo, nikiwa mzee tayari, na mwalimu alisema hajaona kichwa kama changu. Ukurasa mmoja wanichukua siku mbili, lakini ukishaingia hautoki. Na wewe wajua mimi ni nani kwa punda. Miaka thelathini na zaidi nimepeleka maji Mji wa Kale, vichochoro ambavyo gari lilishindwa mimi nilipita na mkokoteni na mitungi ishirini, na sikukwaruza ukuta wa mtu. Majengo yote, punda akianguka, walisema, "Mwiteni Kazungu." Tangu niliache gari la maji ni miaka mitatu. Alfajiri nishavaa viatu na sina pa kwenda. Natoka Tononoka nateremka mpaka Majengo, nakwenda Mji wa Kale, narudi, nakwenda tena. Naomi asema nitatoboa lami.

Wewe ndiye uliyesomeshwa. Baba alisema mmoja asome, mmoja ateke maji, nami niliteka. Sasa nami nasoma. Nilitaka ujue hilo tu.

Ni mimi kaka yako,
Kazungu Mwaringa, mwanafunzi


Mariakani
25 Februari 2024

Kaka Kazungu,

Salamu zako zimefika, nazipokea. Sisi tu wazima, tukiondoa jua, ambalo mwaka huu limekausha hata mihogo. Loise anakushukuru kwa sukari aliyopewa na Naomi. Wajukuu wako wa hapa ni saba sasa. Wa mwisho ana masikio yako.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea Loise kwa sauti, kwa kuwa hakuamini. Nilistaafu ualimu miaka kumi iliyopita, na sikutarajia kupata mwanafunzi anayenizidi umri.

Hongera. Nasema hivyo bila kejeli. Soma pole pole, na swali usilolielewa usilijibu kwa ubishi. Huo ndio ushauri niliokuwa nikiwapa wote.

Umeandika mwaka wa themanini na nane kana kwamba wakati ule hakukutokea kitu kingine ila kiapo chako. Sitasema zaidi.

Nduguyo,
Karisa


Tononoka
24 Machi 2024

Mwalimu,

Hali zetu ni nzuri, twamshukuru Mungu. Naomi amepata kazi ya sare za shule nzima, sasa hata meza ya kulia chakula imejaa kola. Mwambie huyo mjukuu mwenye masikio yangu asiyaonee haya. Yasikia mbali.

Daftari la kwanza nimepata kumi na saba juu ya ishirini. Mwalimu wangu ni Madam Janet. Ameandika kwa wino mwekundu, "Mzee Kazungu, unajua mengi kuliko kitabu." Nimeyanakili maneno yake kama yalivyo. Naomi ameshasomewa, na muuza mkaa, na mchungaji wa Naomi.

Daftari la pili lataka upime mnyama aliye hai. Punda mzima akiwa ametulia avuta pumzi kama ishirini kwa dakika, na moyo wake wapiga arobaini na nne hivi. Mimi sina saa ya mkono, basi nilishusha saa ya ukutani ya Naomi nikaibeba kwapani mpaka Mji wa Kale, kwa Faraj. Faraj ni kijana aliyechukua njia yangu ya maji. Ana punda wawili, jike Zabibu na dume Rubani, wavuta gari moja.

Akaniona na saa. "Mzee Kazungu, hiyo waiuza?"

"Siiuzi. Nataka kumhesabu Zabibu pumzi."

"Kwani zimepungua?"

Nikaiegemeza saa ukutani, nikahesabu. Kisha daftari lasema sikiliza tumbo, tumbo la punda likinyamaza ni hatari. Chombo cha daktari sina, sikio ninalo. Nikaliweka ubavuni pa Zabibu. Mama mmoja akachungulia dirishani juu: "Faraj! Mwambie huyo mzee punda hana siri!"

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Anazo, mama, na tumboni mwake kwazungumzwa mambo ya maana kuliko barazani kwenu." Kichochoro kizima kilicheka. Mama mwenyewe aliteremsha kahawa kwa kikapu cha kamba.

Sasa hoja yangu. Daftari la nne, la mwisho, lataka uandike habari ya mnyama mmoja uliyemjua akafa, alivyougua na sababu yake. Nimeshamchagua. Ni Jemadari.

Usikunje uso. Baba alipofariki tuliwagawana punda wake, wewe Tausi na mimi Jemadari. Nilimleta Majengo akiwa na nguvu za kuvuta nyumba. Siku ya kumi na tisa akafa, hana kidonda, hana homa, hakuumwa na nyoka. Mimi ninayewajua punda sikuona ugonjwa. Nilisema wakati ule kilichomwua, na nasema bado kwamba kilikuwa na mkono wa mtu. Wazee walikuwa wazee tu. Sasa nataka chuo kiseme.

Nahitaji pia habari za Tausi, naye alikufa siku hizo hizo. Nijibu haya: alikula vipi baada ya mimi kuondoka na Jemadari? Alikunywa? Alisimama wapi? Andika kama mwalimu, usiandike kama mshtakiwa.

Kazungu


Mariakani
19 Mei 2024

Kaka Kazungu,

Samahani kwa kuchelewa. Loise aliteguka kifundo cha mguu na hakuweza kubeba mikeka kwa wiki sita. Sasa anatembea. Mvua zimefika na zimezidi, bati la kanisa limeng'oka upande mmoja na tunasali tumebanana upande wa pili, jambo ambalo mchungaji amelisifu. Kunde zimestawi. Nakutumia kiasi.

Hongera kwa kumi na saba. Habari ya saa ya ukutani nimeisimulia hapa mara nyingi.

Umeuliza maswali matatu kuhusu Tausi. Nami nina moja. Mbona huulizi habari ya papai?

Kwa kuwa umri unasahaulisha, nitakukumbusha. Ulisimama katika mkutano wa ukoo ukasema nimemroga Jemadari. Nikakana. Ukasema nimemwua na Tausi wangu ili nisishukiwe. Wazee wakaamua nile kiraho. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, muumini, niliketi kwenye kigoda mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, mganga akalisemea papai maneno yake, akanipa kipande. Aliye na hatia, mdomo humvimba. Mdomo wangu haukuvimba. Waliungoja mpaka jua likatua. Sikuwa na kitu.

Desturi ni kwamba mshitaki husimama hapo hapo akasema, mbele ya wale wale, "Nimekosea." Ni neno moja. Wewe ulisimama ukaapa kuhusu sauti yangu, ukaondoka.

Kanisa liliniweka benchi la nyuma mwaka mzima kwa kula kiraho. Watoto shuleni waliniita Mwalimu Papai mpaka nilipostaafu. Wengine sasa ni wazazi, na bado naona midomo yao inavyojizuia. Mipapai iliyokuwa nyuma ya nyumba niliing'oa. Hatujala tunda hilo hapa kwa miaka thelathini na sita.

Ndiyo maana sijibu habari za Tausi. Mguu wa Loise ukipona kabisa atakuja Julai.

Karisa


Tononoka
16 Juni 2024

Mwalimu,

Kunde zimefika, tumezila, ahsante. Loise namtakia mguu mzuri. Barua hii naipeleka posta, simngoji yeye, nina haraka.

Sikuomba somo la desturi. Desturi nazijua kabla hujazaliwa. Mtu agawana punda wazima na ndugu yake, baada ya siku kumi na tisa hana punda. Amtazame nani? Mimi sikumtaja mtu wa mbali. Anayekuua ni anayekujua. Kama papai halikuvimbisha mdomo huenda mganga alikuwa mganga wa bei rahisi.

Hilo la mwisho Naomi ameniambia nilifute. Sifuti. Wino ni wangu.

Na huyo Madam Janet naye ameniudhi. Nilimtumia habari ya Jemadari, kurasa sita, siku kumi na tano za kuandika. Nilimweleza nguvu zake, rangi yake, nilivyomlisha pumba za ngano ambazo punda wa Majengo hawajawahi kuziota. Nikamwuliza, ni sumu gani ya kienyeji inayoua bila alama? Amerudisha zote. Hakuweka alama. Chini ameandika mstari mmoja mwekundu: "Je, Jemadari alikuwa na mwenzake? Waliishi pamoja miaka mingapi? Soma tena daftari la tatu, ukurasa wa kumi na tisa, kisha uniandikie upya."

Swali gani hilo? Nimemwuliza sumu, aniuliza ndoa!

Ukurasa wa kumi na tisa niliuruka kwa sababu una maneno mengi na hauna picha. Sitausoma. Chuo nakiacha. Nimewafundisha punda zaidi ya mia, sitafundishwa punda na mtu aliye nyuma ya bahasha. Naomi ameyaficha madaftari, asema nitawauzia wafunga njugu. Nilikuwa nakwenda kufanya hivyo hivyo.

Nimetembea leo mara nne mpaka Mji wa Kale na kurudi. Usinijibu kama huna la kunijibu.

Kazungu


Tononoka
25 Agosti 2024

Ndugu yangu Karisa,

Hukunijibu, nami nisingejibu. Loise alipokuja Julai hakuleta kitu, alinisalimu tu kwa heshima, na heshima ile iliniuma. Naomi hajambo. Mimi sijambo. Kaa kitako usome hili mpaka mwisho.

Siku kumi zilizopita Faraj alimwuza Rubani kwa mtu wa Likoni. Alisema maji ya bomba yamerudi mitaa ile, punda mmoja amtosha. Siku ya tatu nikapita, nikamkuta Zabibu amesimama, uso kuelekea njia ya Feri, ya kuvukia Likoni. Majani mbele yake hayajaguswa.

"Faraj, huyu amekula lini?"

"Kiburi tu, mzee. Akishikwa na njaa atakula."

Siku ya tano masikio yameinama. Nikaweka sikio tumboni. Karisa, kimya. Lile tumbo lililokuwa likinguruma kama gari la moshi, kimya. Nikamwambia Faraj huyu atakufa. Faraj akashika kichwa, na akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Ni yule mtu wa Likoni! Aliponilipa alimtazama sana Zabibu. Alimtaka na yeye, nikakataa. Ndiye aliyemfanyia. Wallahi nitamwendea kwa wazee wake."

Nilisimama pale kichochoroni. Nilikuwa namsikia mtu mwengine akisema kwa mdomo wake maneno yangu mimi, moja baada ya moja, hata pa kupumua palikuwa pale pale.

Nikarudi nyumbani nusu nakimbia. Nikamwambia Naomi nipe daftari la tatu. Akalitoa chini ya vitambaa. Ukurasa wa kumi na tisa ulinichukua toka asubuhi mpaka adhuhuri. Wasema punda waliokua pamoja hufungamana. Ukiwatenganisha ghafla, mmoja au wote wawili hukataa chakula. Punda akikataa chakula, mafuta ya mwili wake huingia kwenye damu, ini hushindwa, hufa ndani ya siku chache, na nje huoni kidonda. Wasema hata mmoja akifa, mwache mwenziwe amwone maiti, asije akamngoja.

Nikarudi kwa Faraj. Nikamfungua Zabibu. "Wampeleka wapi?" "Kwa mwenziwe." Akaniona uso, hakubisha, akanifuata.

Zabibu alitembea kama mtu aliyeamka homani. Pale Feri mlinzi akatuzuia: "Mzee, punda na mkokoteni wake ni gari, anapita. Punda peke yake sijui ni nini."

"Ni mgonjwa."

"Mgonjwa anakwenda wapi?"

"Hospitali. Na mimi ndiye daktari wake, niko mwaka wa mwisho." Watu waliokuwa wakingoja wakaanza kupiga kelele, mwacheni daktari apite, mwacheni daktari! Tukapita.

Tulipoteremka upande wa pili, hatujafika hata vibandani, Zabibu alisimama akalia. Sauti ile ya punda waijua, mbaya kuliko zote alizoumba Mungu. Na kule juu, nyuma ya nyumba, akajibiwa. Alinivuta, Karisa. Mimi niliyevuta punda miaka thelathini, nilivutwa na punda mgonjwa mpaka kamba ikanichuna mkono.

Walinusana. Rubani akamwekea kichwa mgongoni. Na katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, Zabibu akainama akala.

Alikula.

Faraj na yule mtu walizungumza wenyewe, na Zabibu amebaki kule. Yao hayo. Mimi nimerudi nimekaa kitandani, na sijatembea popote kwa siku nne. Naomi ameingia mara tatu kuniangalia kama napumua.

Jemadari na Tausi baba aliwanunua siku moja, wakiwa wachanga. Walilala chini ya paa moja miaka kumi na moja. Mzee mmoja siku ya mgawanyo alisema waacheni pamoja kwa mmoja wenu, mwengine achukue mbuzi. Mimi nilisema changu ni changu, nipeni changu.

Nakuomba. Siandiki tena kama mwanafunzi. Tausi alikula?

Kazungu


Mariakani
22 Septemba 2024

Kaka,

Loise na wajukuu wanakusalimu.

Hakula.

Alisimama penye ua upande wa barabara kuu, pale lori lililombeba Jemadari lilipogeukia. Nilimpelekea majani ya kunde, akanusa, akageuza uso. Loise alimpikia uji. Nilikaa naye siku mbili bila kwenda shule. Kila lori lililopita aliinua masikio. Siku ya tisa alilala chini, na hakuinuka.

Umewahi kusema kwamba nilimwua mwenyewe. Nilimfukia mwenyewe, kwa jembe, pale pale penye ua.

Utauliza kwa nini sikuyasema haya mbele ya ukoo. Hakuna aliyeniuliza habari za punda. Niliulizwa habari za uchawi tu.

Nilikuwa nimekwisha kujua, Kazungu. Si kwa kitabu. Mtu aliyekaa na Tausi siku zile tisa angejua. Ningeweza kukuletea habari Majengo umrudishe Jemadari, Tausi akiwa bado amesimama. Nilisema moyoni, yeye si ndiye mjuzi wa punda, na aone mwenyewe. Nalo hilo sijawahi kumwambia mtu, hata Loise, mpaka leo hii ninapoandika.

Kuna jambo jingine ambalo sitaliandika. Ukitaka kulijua, lipo nyuma ya nyumba.

Karisa


Mariakani, nje ya ua wako
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Karisa,

Usishangae karatasi haina bahasha. Nimeileta mwenyewe. Niko hapa kwenye jiwe nje tangu saa tatu, naandikia gotini, goti la kulia. Safari hii salamu sijui nizianze vipi, maana nawaona wazima kwa macho yangu. Loise alitoka na ndoo akaniona, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akalia, kisha akaniletea chai. Ameniambia ingia, nikamwambia bado. Yeye ndiye atakayekupa hii.

Kwanza cheti. Nimekipata. Alama sitini na tatu juu ya mia. Si nyingi, lakini muhuri wake ni mkubwa kuliko wa cheti chako cha ualimu, nakumbuka ulivyokuwa. Habari ya Jemadari niliiandika upya, kurasa mbili tu. Niliandika na lile nililomficha kila mtu, hata wewe. Jemadari alikuwa akigeuka. Kila asubuhi nikimfunga gari la maji, aligeukia njia ya kutoka kisiwani, njia ya Mariakani. Na zile pumba, kila siku alizidi kuziacha. Nilisema ni uvivu. Siku ya kumi na mbili nilimpiga kwa gongo mbele ya watu, ili wajue Kazungu hashindwi na punda. Hakulia. Alinitazama tu. Siku saba baadaye akafa, na mimi nilihitaji awe ameuawa na mtu mwengine, upesi, kabla sijalala. Wewe ulikuwa karibu zaidi.

Madam Janet chini yake hakuandika alama. Aliandika, "Pole, mzee." Alama aliziweka pembeni.

Pili, nimezunguka nyuma ya nyumba kama ulivyosema. Nimewaona. Wako wawili. Nimemwuliza Loise, akasema, "Tangu Tausi, hajaweka punda mmoja peke yake hapa. Mmoja akifa, hutoka siku hiyo hiyo kutafuta mwenziwe." Nimewahesabu pumzi bila saa, wote wazima. Yule wa rangi ya majivu kwato zake za mbele ni ndefu, zikatwe. Hilo nakwambia bure.

Tatu, kikapuni nina papai. Nimelichagua mwenyewe sokoni Marikiti, limeiva. Sijui kama bado wako wanaojua kulisemea maneno ya kiraho, lakini nitalila mbele ya yeyote utakayemwita, na neno lile nitalisema, hata kwa hao watu wazima wanaojizuia midomo. Wale wazee walikwisha kufa wote, nimechelewa kwao. Wewe hujafa.

Tatizo ni moja. Sauti yako niliapa sitaisikia, na mimi nikiapa nimeapa, wajua nilivyo. Nimekaa hapa tangu saa tatu nikitafuta njia ya kuzunguka kiapo kile kama nilivyozunguka kwa karatasi. Kichwa changu chote, sitini na tatu juu ya mia, hakijaiona. Kwa hivyo sijui kuingia. Niandikie.

Kaka yako,
Kazungu


[nyuma ya karatasi hiyo hiyo]

Kaka,

Hakuna njia ya kuzunguka. Kivunje.

Majirani nimeshawaita, wako uani, na Mzee wa kanisa yupo. Loise ameshika kisu na sahani. Punda wameanza kukulilia, wanadhani umewaletea kitu.

Humu ndani sina karatasi nyingine, na ningekuwa nayo nisingeandika.

Piga hodi. Kwa sauti, wote wasikie. Nitaitika.

K.